Pete ya Felista Ilikuwa Tangazo

"Dada Felista, habari za Mpanda? Naongea kutoka kampuni ya Zuridia, kitengo cha masoko. Una dakika mbili?"

Felista hakuwa na hata moja. Mikono yake ilikuwa imejaa povu, kichwa cha Mama Venansi kiko kwenye sinki, na simu ilikuwa imepokelewa na Esteria, msaidizi wake, ikawekwa spika juu ya kabati la rola. Saluni yote pale Makanyagio ikanyamaza. Wanawake wakisikia neno kampuni huwa hawajifanyi kusoma magazeti.

"Sema dada, nakusikia."

"Ni hivi. Serikali imeleta kanuni. Mtu akilipwa kusifia bidhaa mtandaoni, lazima aandike wazi kwamba ni tangazo la kulipia, na amtaje aliyemlipa. Hata zile posti za zamani. Asipoandika, mwenye ukurasa ndiye anayebanwa. Sasa na sisi tunawakumbusha watu wetu. Tunaomba uweke hayo maneno kwenye video zako zote za Zuridia kabla ya Ijumaa."

Felista akacheka.

"Umekosea namba, mdogo wangu. Mimi silipwi na mtu."

"Wewe si Felista Lyamba? Wa ukurasa wa Nimetumia Mpaka Ikaisha?"

"Ndiye mimi. Na ndiyo maana nakwambia umekosea. Mimi situmi video mpaka kopo liishe. Nikikipenda kitu nasema, nikikichukia nasema. Uliza mtu yeyote Katavi hii."

Upande wa pili karatasi zikapekuliwa.

"Dada, malipo yako tunamtumia meneja wako, kaka Sospeter. Ya dawa ya nywele, ya mafuta ya kupaka, na ile video ya kuvishwa pete. Ile ya pete tulichangia na hoteli."

Mama Venansi aliinua kichwa kutoka kwenye sinki. Maji yalimchuruzika mpaka mgongoni na hakulalamika.

"Video ya nini?" Felista akauliza.

"Ya pete, dada. Hongera kwa kweli. Ilitazamwa sana."

Esteria akaikata simu bila kuambiwa. Alikuwa amechelewa. Walioisikia walikuwa wameisikia, na kabla jua halijahama Makanyagio wangekuwa wameisikia hata wasiokuwepo.

Sasa huyu Sospeter ni nani? Ni mchumba wa Felista, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi, mrefu, msafi, mwenye maneno matamu. Jumamosi ile ilikuwa harusi yao. Ukurasa ule waliuanzisha wote wawili. Felista alikuwa anatumia vitu, Sospeter anamrekodi, anakata video kwenye laptop yake, anazirusha. Felista alikuwa na utaratibu wake mmoja uliomletea jina: haongei mpaka amefika chini. Anashika kopo tupu, analikwangua kwa kidole mbele ya kamera watu waone hakuna kilichobaki, ndipo anasema. Akina mama kuanzia Kibaoni mpaka Sibwesa walimwamini kuliko muuza duka.

Ila alikuwa na kasoro moja ya kijinga, na mimi siwezi kumfichia. Felista hakuwahi kutazama video zake. Alikuwa hapendi kusikia sauti yake. Alisema anajisikia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Kwa hiyo anaongea, anamaliza, anarudi kwenye vichwa vya watu, na mengine yote anamwachia mwanaume. Mwanaume naye akaachiwa kweli.

"Esteria, niwekee ile video ya dawa ya Zuridia."

"Dada, tumalize kwanza Mama Venansi."

"Mimi nasubiri," Mama Venansi akasema upesi. "Weka."

Ikawekwa. Felista akajiona ameshika kopo tupu, anacheka. "Hii nimetumia mpaka ikaisha. Inalainisha, inanukia vizuri, na haiumizi kabisa." Halafu video ikaruka kidogo, akaonekana anatingisha nywele, muziki ukaingia, ikaisha.

"Imekatwa," Felista akasema.

"Imekatwaje?"

"Nilisema haiumizi kabisa kama kichwa hakina kidonda. Nikasema mwenye kidonda au aliyefumua nywele juzi asiiguse, maana mimi iliniunguza. Nikaonyesha na hapa." Akaligeuza sikio. Nyuma yake kulikuwa na kovu la waridi. "Nililionyesha kwenye kamera. Liko wapi?"

Esteria akaangalia chini.

"Mimi nilijua umesahau kusema, dada."

Chini ya video kulikuwa na komenti. Mmoja alikuwa ameandika: "Feli akisema haiumizi, basi haiumizi. Nimeagiza makopo mawili, moja la dada yangu." Felista aliisoma mara mbili, kisha akavua aproni, akamwacha Mama Venansi na povu lake kwa Esteria, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mgeni. Mama mdogo Specioza, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa ameshuka kutoka Mwese kwa pikipiki kuja kwenye maandalizi. Tangu afike hakuwahi kuvua kitambaa kichwani. Analala nacho, anapika nacho, anakwenda nacho bafuni. Felista alidhani ni baridi ya milimani imemzoesha.

Alimkuta uani anachambua mchele.

"Mama mdogo, vua kitambaa."

"Kuna nini tena? Nyie watu wa mjini mnaamka na mambo."

"Naomba uvue, mama."

Specioza akaendelea kuchambua.

"Mwanangu, harusi ni Jumamosi. Kichwa changu kitakusaidia nini?"

Felista akapiga magoti, akakifungua mwenyewe. Juu ya utosi na pembeni nywele zilikuwa zimeondoka. Ngozi ilikuwa imekauka, ina magamba, na sehemu moja bado ina unyevu. Felista alishindwa hata kulia.

"Ulitumia Zuridia."

"Nilitaka nije kwenye harusi yako nimependeza. Mwenye duka kule alinionyesha wewe kwenye simu, unacheka, unasema haiumizi. Nilikuwa na vipele kidogo, nikasema Feli angekuwa anajua angesema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua nimekosea mimi. Wewe umesema haiumizi, basi ni mikono yangu ndiyo haijui kupaka. Nije nikuharibie harusi kwa ujinga wangu?"

Hapo ndipo Felista alipoinuka na kutoa simu.

*Njoo nyumbani. Sasa hivi.*

Jibu likaja haraka, na kopakopa tatu.

*Mke wangu mbona moto hivyo? Nipo stendi napokea kadi za harusi. Nakuja na chipsi.*

*Usije na kitu chochote. Njoo na laptop.*

Sospeter alikuja, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alijua mlangoni tu kwamba kimeharibika. Akamwamkia Specioza, akaona kile kichwa, akameza mate.

"Shikamoo mama. Pole. Umeumwa?"

"Usimpe pole," Felista akasema. "Fungua laptop. Nataka ile video ya dawa, yote, kabla hujaikata."

"Feli, tuongee ndani."

"Tutaongea hapa. Uliikata wewe?"

"Niliipunguza. Video ikiwa ndefu watu wanapita."

"Ukaona kati ya maneno yangu yote, la kupunguza ni lile la kidonda."

"Kampuni waliomba. Walisema linaogopesha wateja."

"Kwa hiyo ni kweli kampuni inakulipa."

Sospeter akavuta kigoda, akakaa, akashusha sauti. Hiyo ndiyo sauti yake ya kuuzia simu mbovu, na mpaka siku ile Felista alikuwa anaiita sauti ya mapenzi.

"Sikiliza mke wangu. Mimi sikutaka uchafuke na mambo ya hela. Wewe una kipaji cha kuaminika. Mimi kazi yangu ilikuwa kukigeuza kiwe maisha. Kiwanja chetu cha Nsemulwa unadhani kimetoka wapi? Kwenye kubadilisha vioo vya simu?"

"Vitu vyote ulivyoniletea, ukasema umenipitia dukani kwa sababu umenikumbuka. Yale mafuta. Ile blenda ya siku yangu ya kuzaliwa. Ulinunua?"

Sospeter akafungua laptop, akaifunga tena.

"Sospeter, ulinunua hata kimoja?"

"Vilikuwa vinakuja. Lakini nilikuwa nachagua vile utakavyovipenda."

Specioza akaacha kuchambua mchele.

"Na pete?" Felista akauliza.

"Pete ni kitu kingine."

"Yule dada wa kampuni ameniambia siyo kitu kingine. Ndiyo maana uliniambia nipake Zuridia asubuhi yake. Ndiyo maana ulipiga magoti, nikasema ndiyo nalia, halafu ukaniambia nirudie kwa sababu mwanga haukukaa vizuri. Nikarudia. Nikarudia na mara ya tatu, Sospeter, kama mtoto anayefundishwa kukariri. Nilidhani una haya."

"Ile ilikuwa kweli. Nakuapia kwa Mungu. Ningekuvisha hata bila wao."

"Ungenivisha lini?"

Hapo alinywea. Akajifanya anatafuta chaja.

"Sasa nisikilize na mimi," akasema akiwa ameinama. "Hayo maneno ya serikali usiyaweke kabla ya Jumamosi. Yaweke wiki ijayo, zote, sikatai. Ukiyaweka sasa hivi watu watatukana, na wale wengine watajitoa."

"Wengine gani?"

"Wa keki. Wa mapambo. Wa ukumbi. Kadi ya mchango unadhani imefikisha nini? Nilikuwa nataka ufurahi. Wao wanataka tu vitambaa vyao vionekane nyuma ya meza ya maharusi, na wewe useme neno kidogo kwenye kipaza sauti."

Kama kuna mwanaume amewahi kuuza harusi yake kabla hajaifunga, basi ni huyu, na aliiuza kwa vipande, keki huku na mapambo kule, kama mbuzi wa mnada. Bibi harusi ndiye aliyekuwa hajaambiwa ameuzwa na sehemu gani.

"Toka," Felista akasema.

"Feli."

"Toka kabla sijachukua huu ungo. Alhamisi kuna kikao cha wazee. Utasema mwenyewe mbele yao. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Siku zile mbili alimtumia ujumbe mpaka simu ikawa inapata moto. *Nisamehe mama. Nakula lakini silali. Shetani alinipitia.* Na baadaye kidogo: *Ukivunja hii harusi utakuwa umetuua wote, ukurasa ni jina lako siyo langu.* Felista aliusoma huo wa mwisho, akauonyesha kwa Esteria.

"Unaona? Jina ni langu wakati wa kubanwa. Wakati wa kulipwa lilikuwa la meneja."

Lakini msidhani hakuwa anampenda. Alimpenda, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi. Akiwa saluni mkono unashika kitana, anajikuta anakumbuka Sospeter anavyocheka, halafu anakumbuka kwamba hata kile kicheko hajui kama kilikuwa chake. Angesema wiki ijayo angefunga ndoa. Angesema sasa angebaki na aibu, na labda ukurasa wenyewe ungefungiwa. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti alimuuliza harusi iko palepale, na yeye akawa anamjibu tu ainamishe kichwa.

Alhamisi mchana sebule ilijaa. Mzee Lyamba, baba yake Felista, alikuwa ametoka Kibaoni na gunia la mchele wa harusi. Mshenga wa Sospeter, mzee Telesfori, alikaa karibu na mlango na koti lake la kazi hizo. Specioza alikuwa amefunga kitambaa chake. Sospeter aliwahi kufika kuliko wote, akasaidia kupanga viti, akahamisha chupa ya chai kutoka mezani na kuiweka kabatini. Watu wakasema afadhali, kijana amejirudi.

Mzee Telesfori akafungua kikao.

"Tumesikia kuna maneno kidogo kati ya watoto. Ni kawaida, harusi ikikaribia shetani naye anatafuta kadi. Mwanangu Sospeter, sema."

Sospeter akainuka. Hakukaa alipokuwa, alikuja katikati ya chumba, akapiga magoti mbele ya Felista.

"Baba yangu Lyamba, mama yangu Specioza, wazee wangu. Nimekosa. Nilipokea fedha za watu nikamficha mwenzangu. Nilikata maneno yake, na mama yangu huyu akaungua kwa sababu yangu. Sina pa kujificha. Lakini mbele yenu nasema nampenda Felista. Nilimpenda sina kitu, nitampenda nikikosa kila kitu. Akiniambia niuze kile kiwanja nimtibu mama, nauza kesho. Ninachoomba ni nafasi moja."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi kweli. Mzee Lyamba akajikohoza. Specioza, aliyeunguzwa yeye, alikuwa wa kwanza kulainika, akafuta macho kwa ncha ya kanga na kusema taratibu, "Mwanangu, mtu akikiri hivi." Felista mwenyewe alihisi kifua kinafunguka. Alinyoosha mkono amwinue.

Ndipo akamtazama usoni. Sospeter alikuwa analia, lakini macho yake hayakuwa kwake. Yalikuwa yanapita juu ya bega lake, yanakwenda nyuma, yanarudi, yanakwenda tena.

Felista akageuka.

Kabatini, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Inarekodi.

Felista aliinuka, akaiendea, akasimama kando yake. Kwenye kioo aliona chumba chote: baba yake, mshenga, magoti ya Sospeter, na kiti chake mwenyewe kitupu.

"Hii ya nini?"

"Kumbukumbu," Sospeter akasema. "Kumbukumbu yetu tu, mama."

"Nani ameiomba?"

"Feli, wazee wapo."

"Nimeuliza nani ameiomba."

Sospeter akajifuta uso.

"Zuridia wamesema tukionekana tumesameheana, watu watasahau yale mambo. Na safari hii ningeandika. Nakuapia, ningeandika kwamba ni tangazo la kulipia. Kanuni ningeifuata yote."

Mzee Telesfori alisimama polepole.

"Kijana. Mimi nimeacha shamba langu, nimevaa koti, nimekuja kukuombea msamaha. Umeniingiza kwenye tangazo?"

"Na mimi nimo?" Mzee Lyamba akauliza. "Hapo nilipokohoa, nimo?"

"Baba, ningewauliza kabla ya kurusha."

"Ungetuuliza kama ulivyomuuliza binti yangu."

Sospeter akanyoosha mkono kuchukua simu. Felista akaichukua kwanza. Ilikuwa bado inarekodi, akaigeuza imwelekee usoni. Safari hii hakuwa na kopo mkononi, na sauti ilikuwa ileile anayoichukia, ila hakuijali.

"Mimi ni Felista. Video ya dawa ya nywele ya Zuridia mliyoiona ni tangazo la kulipia. Ya mafuta pia. Ya kuvishwa pete pia. Waliolipa ni Zuridia na hoteli. Aliyepokea ni Sospeter, na mimi sikujua, lakini kutojua kwangu hakurudishi nywele za mtu. Maneno yangu yalikatwa. Nilisema dawa hii inaunguza mwenye kidonda. Mwenye vipele, aliyefumua nywele juzi, asiiguse. Na harusi ya Jumamosi haipo."

Specioza akainuka kwenye mkeka. Akafungua kitambaa, akakikunja, akaja kusimama kando ya Felista mbele ya simu, kichwa wazi mbele ya wanaume wote wale.

"Rudia pale pa vidonda, mwanangu," akasema. "Sema polepole. Kwetu Mwese mtandao unakatakata."

Felista akarudia, polepole, mpaka mwisho. Kisha akajitumia video kwenye simu yake na kuirusha ilivyo, pamoja na magoti ya Sospeter na kikohozi cha baba yake, bila kukata kitu. Pete akaivua, akampa mzee Telesfori, maana kwao mambo yaliyokuja na mshenga yanaondoka na mshenga. Mzee akaitia mfukoni, akatoka bila kumsubiri kijana wake.

Usiku uleule Felista aliandika tangazo la kulipia juu ya video zote za Zuridia, na ile ya pete. Jumamosi mchele wa Kibaoni ulipikwa, watu wakala, kwa sababu ulikuwa umeshafika. Waliokuwa wameshona sare walizivaa kanisani Jumapili, na ninavyowajua watazivaa mpaka zichujuke. Ofisi inayosimamia mambo hayo ilimwita Felista, wakamuuliza, wakampa onyo la maandishi, ukurasa ukabaki. Wafuasi wengine waliondoka wakitukana. Akina mama wengi walibaki, na sasa kabla ya kuangalia nywele zake wanaangalia kwanza ameandika nini juu ya video.

Jumatatu moja baadaye, akiwa anamsuka mteja, ujumbe ukaingia.

*Umeandika tangazo la kulipia juu ya pete yangu. Dunia nzima inanicheka. Lakini Mungu anajua siku ile nilikupenda kweli.*

Felista alimwomba mteja samahani. Akafuta mikono, akaandika taratibu.

*Inawezekana. Ila mimi siwezi kujua tena, na wewe ndiye uliyenifanya nisijue.*

Akatuma. Akaiweka simu kabatini kifudifudi, akashika kitana, akauliza rasta zianzie mbele au nyuma.